Namna ya Kupima Tangazo la Kinu Kidogo cha Nyuklia

Kila baada ya miezi michache habari huja na picha ileile: maofisa wawili wameketi mezani, nyuma yao bendera mbili, mbele yao hati ya makubaliano iliyokwisha kutiwa saini, na chini ya picha maelezo kwamba nchi fulani imo njiani kupata vinu vidogo vya nyuklia vitakavyofua umeme safi, wa uhakika na wa bei nafuu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji asiye mhandisi ambaye angependa kulisoma tangazo la namna hiyo na kutambua kilichomo ndani yake. Atahitaji karatasi moja, kalamu, na kikokotoo cha simu. Kazi yenyewe huchukua jioni moja, na sehemu kubwa ya jioni hiyo itaishia kwenye fedha, kwa sababu huko ndiko matangazo mengi hufupisha maneno.

Andika kwanza kinu kimefika ngazi gani

Kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, kinu huhesabiwa kuwa kidogo kikiwa na uwezo wa kufua umeme usiozidi megawati 300. Neno moduli nalo lina maana kwamba sehemu kubwa za kinu hutengenezwa kiwandani, zikasafirishwa kwa meli, treni au lori, kisha zikaunganishwa mahali pa ujenzi, na kwamba anayehitaji umeme zaidi ataongeza kinu kingine kando ya cha kwanza. Maelezo hayo ni ya kweli kama maelezo ya kusudio. Hayakuambii kama kinu kinachotajwa kipo.

Kwa hiyo chora ngazi yenye vipawa vitano kwenye karatasi yako. Cha chini kabisa ni hati ya makubaliano, ambayo huzungumzia nia ya kushirikiana na kwa kawaida haimfungi yeyote kutoa fedha. Cha pili ni usanifu uliokamilika kiasi cha kuweza kupelekwa kwa mdhibiti, yaani mamlaka inayotoa leseni na kukagua usalama. Cha tatu ni leseni ya kujenga iliyotolewa na mdhibiti kwa eneo lenye jina. Cha nne ni zege la kwanza kumwagwa kwenye msingi wa jengo la kinu, tukio ambalo katika taaluma hii huandikwa tarehe yake na kukumbukwa kama siku ya kuzaliwa. Cha tano ni umeme kuingia kwenye gridi na kuuzwa. Weka alama kwenye kipawa kimoja tu, kile ambacho tangazo lenyewe linathibitisha.

Vinu vilivyofika juu kabisa ni vichache mno. Urusi ina Akademik Lomonosov, jahazi la chuma lenye vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, lililofungwa gati katika mji wa Pevek kwenye pwani ya Aktiki. Ujenzi wake ulianza mwaka 2007, na umeme ukaanza kuuzwa rasmi mwezi Mei 2020. China ina HTR-PM huko Shidao Bay, katika jimbo la Shandong: vinu viwili vinavyozungusha turbini moja ya megawati 210. Zege lake la kwanza lilimwagwa Desemba 2012, umeme wa kwanza ukaingia kwenye gridi Desemba 2021, na uzalishaji wa kibiashara ukaanza Desemba 2023. Toa mwenyewe: miaka 13 kwa kile cha Urusi, miaka 11 kwa kile cha China. Argentina ilimwaga zege la kinu chake cha CAREM, cha megawati 32, mwezi Februari 2014, na ujenzi huo umesimama na kuendelea mara kadhaa tangu hapo. Mtu anayekuahidi miaka mitatu kutoka zege hadi umeme anaahidi jambo ambalo vinu hivi havikuwahi kulifanya. Huenda akafaulu, lakini ni juu yake kueleza kilichobadilika.

Jaribu ngazi hiyo kwa mfano wa karibu. Mwezi Septemba 2023 Rwanda ilitia saini makubaliano na Dual Fluid, kampuni yenye mizizi Ujerumani na Kanada, ili kinu cha majaribio kijengwe nchini humo. Tangazo la wakati huo lilitaja mwaka 2026 kuwa mwaka wa kuanza kufanya kazi. Kinu hicho kimesanifiwa kutumia fueli ya metali iliyoyeyuka na kupozwa kwa risasi iliyoyeyuka, mchanganyiko ambao haujawahi kutumika katika kituo chochote cha kufua umeme duniani. Tangazo lilitufikisha kwenye kipawa cha kwanza, na kwa teknolojia mpya kabisa umbali wa kutoka hapo hadi cha pili ndio mrefu kuliko yote. Kuandika hivyo kwenye karatasi yako si kuidharau Rwanda, ambayo ilikuwa imeunda bodi yake ya nishati ya atomiki mwaka 2020 na imekuwa ikisomesha vijana wake fani hii. Ni kuweka alama mahali inapostahili.

Tenganisha joto na umeme, kisha pima gridi

Tangazo likitaja megawati, tafuta neno linalofuata. Kinu hutoa joto, na joto hilo hugeuzwa kuwa umeme kwa hasara. Katika vinu vinavyopozwa kwa maji, takriban theluthi moja tu ya joto huwa umeme; HTR-PM, ambacho hupozwa kwa gesi ya heli yenye joto kali zaidi, hutoa megawati 500 za joto na kupata megawati 210 za umeme, yaani asilimia 42. Nimeona zaidi ya mara moja namba ya joto ikichapishwa kana kwamba ni ya umeme, na kinu kikaonekana mara tatu ya ukubwa wake. Kama neno halipo, andika alama ya kuuliza kando ya namba hiyo na usiendelee na hesabu.

Baada ya hapo linganisha umeme huo na gridi itakayoupokea. Waendeshaji wa gridi hujitahidi mtambo mmoja usizidi takriban sehemu ya kumi ya gridi nzima, kwa kuwa siku mtambo huo utakapozimika ghafla, mingine lazima izibe pengo ndani ya sekunde chache kabla idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde haijashuka chini ya kiwango na kuiangusha mitambo yote mmoja baada ya mwingine. Hapa ndipo kinu kidogo kina hoja yake nzuri kuliko zote kwa nchi zetu. Matumizi ya Kenya wakati wa kilele yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Sehemu ya kumi yake ni megawati 230. Kinu kikubwa cha megawati 1,000 hakiwezi kukaa humo kwa usalama. Moduli ya megawati 77 ya kampuni ya Kimarekani ya NuScale inaingia bila shida, na kile cha megawati 125 ambacho China imekijenga katika kisiwa cha Hainan kinaingia pia. Lakini BWRX-300, kinu cha megawati 300 ambacho Kanada imeanza kukijenga Darlington, kinazidi kipimo hicho. Njia za umeme zinazoiunganisha Kenya na Ethiopia na, tangu mwishoni mwa mwaka 2024, Tanzania, hulegeza kipimo kidogo, maana pengo huzibwa na gridi kadhaa kwa pamoja.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna kipimo kingine chepesi zaidi. Kila turbini moja kati ya tisa za Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ina uwezo wa megawati 235. Kinu kidogo kilicho kikubwa kuliko vyote, basi, ni kama turbini moja na robo ya Rufiji. Kumbuka hilo unaposoma kwamba vinu vidogo viwili vitaibadilisha nchi.

Fedha: hapa kaa muda mrefu

Chukua mradi mmoja uliokufa na uusome vizuri, kwa sababu miradi iliyokufa huacha hesabu zake wazi. Katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, umoja wa mashirika ya umeme ya miji midogo uitwao UAMPS ulipanga kujenga moduli za NuScale kwenye ardhi ya maabara ya taifa huko Idaho. Mpango wa awali ulikuwa na moduli 12, ukapunguzwa hadi sita zenye jumla ya megawati 462. Kila kitu kilionekana kipo: usanifu ambao toleo lake la awali, dogo zaidi, lilikuwa limekubaliwa na mdhibiti wa Marekani mwaka 2020, ahadi ya serikali ya kuchangia zaidi ya dola bilioni 1.3, eneo, na wanunuzi. Makisio ya gharama yalikuwa dola bilioni 5.3. Mwezi Januari 2023 yakatangazwa makisio mapya: dola bilioni 9.3. Bei lengwa ya umeme ikapanda kutoka dola 58 hadi dola 89 kwa megawati-saa, na hiyo 89 ilikuwa tayari imepunguzwa kwa ruzuku ya kodi ya takriban dola 30. Miji ilitakiwa kujiandikisha kununua asilimia 80 ya umeme huo. Iliyokuwa imejiandikisha ilifika kama robo. Novemba 2023 mradi ukafutwa.

Sasa chukua kikokotoo. Gawanya dola bilioni 9.3 kwa megawati 462, nawe utapata takriban dola milioni 20 kwa kila megawati, au dola 20,000 kwa kilowati moja. Hiyo ndiyo namba unayopaswa kuitafuta katika kila tangazo, kwa kuwa ndiyo pekee inayoruhusu kulinganisha kinu na kinu, na kinu na bwawa. Fanya vivyo hivyo kwa Darlington, ambako mwezi Mei 2025 serikali ya Ontario iliidhinisha vinu vinne kwa dola bilioni 20.9 za Kanada. Jumla ya megawati ni 1,200, kwa hiyo kilowati moja inagharimu takriban dola 17,400 za Kanada. Ila kinu cha kwanza peke yake kimepangiwa bilioni 6.1, na miundombinu ambayo vinne vyote vitaitumia bilioni 1.6. Ukijumlisha hizo mbili na kugawanya kwa megawati 300, utapata zaidi ya dola 25,000 kwa kilowati. Tofauti kati ya 25,000 na 17,400 ndiyo falsafa nzima ya vinu hivi: cha kwanza ni ghali, cha nne kitakuwa nafuu. Anayenunua kimoja tu hulipa bei ya cha kwanza.

Kwa nini kidogo kisiwe nafuu tangu mwanzo? Mama lishe analijua jibu. Sufuria yenye ujazo mara nane haihitaji bati mara nane, inahitaji mara nne tu. Na mpishi ni yuleyule, jiko ni lilelile. Kinu kikubwa hufaidi hesabu hiyo katika chuma, zege, walinzi, chumba cha uendeshaji na ada za mdhibiti. Kinu kidogo kimeikataa faida hiyo kwa makusudi, kikitumaini kwamba kiwanda kitairudisha kwa kutengeneza vingi vya aina moja, kama viwanda vya ndege vinavyofanya. Tumaini hilo lina mantiki. Linahitaji oda za makumi ya vinu vya usanifu uleule, na wakati huohuo kuna miundo kadhaa wa kadhaa inayoshindania wanunuzi walewale. Muulize muuzaji ni vinu vingapi vya aina hiyo vimekwisha kulipiwa. Jibu la kwamba nchi kumi zimeonyesha nia ni jibu la kipawa cha kwanza.

Kisha kuna riba, ambayo kwa nchi inayokopa huamua mambo kuliko fizikia. Tuchukue mfano wa kubuni wa kinu cha megawati 300 kinachogharimu dola bilioni 1.8, bei ya huruma ukilinganisha na zile tulizokwisha kuziona. Kikifanya kazi kwa asilimia 90 ya muda wote, kwa mwaka kitafua megawati-saa 2,365,200, yaani uniti bilioni 2.37 za zile tunazonunua kwa luku. Mkopo ukiwa wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 5, marejesho ya kila mwaka ni kama dola milioni 117, na kila uniti inabeba karibu senti 5 za Kimarekani. Riba ikiwa asilimia 10, marejesho yanafika kama dola milioni 191, na uniti inabeba senti 8. Kinu ni kilekile, fueli ni ileile, wafanyakazi ni walewale. Hapo hatujaweka mishahara, fueli, bima, akiba ya kukibomoa kinu kikizeeka, wala riba inayojilimbikiza wakati wa ujenzi kabla hata ya uniti ya kwanza kuuzwa. Kila mwaka wa kuchelewa huongeza deni bila kuongeza umeme.

Andika basi maswali manne kando ya kila bei utakayoikuta. Je, ni gharama ya ujenzi peke yake au pamoja na riba? Ni dola za mwaka gani? Ruzuku imeshatolewa humo? Na ni bei ya kinu cha kwanza au ya kinu cha kumi ambacho bado hakijaagizwa? Bei isiyojibu hata moja kati ya hayo haifai kuandikwa kwenye safu ya bei.

Neno “safi” na kile linachokiondoa

Kuhusu hewa ukaa, madai ya wauzaji ni sahihi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya mwaka 2014, lilikadiria kuwa ukihesabu maisha yote ya mtambo, kuanzia mgodini hadi kubomolewa, nyuklia hutoa takriban gramu 12 za hewa ukaa kwa kila uniti, sawa na upepo, wakati makaa ya mawe hutoa takriban 820 na gesi asilia 490.

Swali la manufaa zaidi ni kile ambacho kinu kitakiondoa kwenye gridi. Huko Pevek jibu lilikuwa wazi: umeme na joto la jahazi lile vilikuja kuchukua nafasi ya kituo kikongwe cha makaa ya mawe na cha vinu vidogo vya enzi za Kisovieti vya Bilibino, na hata maji ya moto ya kupashia nyumba joto hutoka humo. Kenya jibu ni gumu zaidi, kwa sababu karibu asilimia 90 ya umeme wake tayari hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo na jua. Kinu kingeondoa mitambo michache ya mafuta mazito, na baada ya hapo kingeshindana na mvuke wa Bonde la Ufa, ambao nao hautoi moshi na hufanya kazi usiku na mchana. Tanzania kingeweza kuondoa gesi ya Songo Songo na Mtwara. Rwanda kingeweza kuondoa dizeli na mboji ya kinamasi inayochomwa. Andika jina la mtambo utakaozimwa. Ikiwa hakuna utakaozimwa, kinu kinaongeza umeme, jambo jema pia, lakini basi kisilipwe kwa hoja ya usafi.

Usalama: fuata joto linalobaki

Pita haraka kwenye sifa zote za usalama hadi ufike kwenye moja: kinu kikizimwa, joto lake hufanya nini? Mpasuko wa urani husimama papo hapo, ila mabaki yake huendelea kutoa joto, karibu asilimia 7 ya nguvu ya awali mara tu baada ya kuzima, na takriban nusu asilimia baada ya siku nzima. Mwaka 2011 huko Fukushima vinu vilizimika vizuri tetemeko lilipotokea. Kilichoviangamiza ni joto hilo, baada ya tsunami kuzamisha jenereta zilizokuwa zikiendesha pampu za kupozea.

Kokotoa. Kinu kikubwa chenye megawati 3,000 za joto hubaki na megawati 210 za kuondoa mara kinapozimwa. Moduli moja ya HTR-PM, yenye megawati 250 za joto, hubaki na 17.5. Kiasi hicho cha pili kinaweza kutoka chenyewe kupitia kuta za chombo, bila pampu na bila mtu kugusa kitufe, na hilo si la kubuni tena: mwaka 2023 wahandisi wa Shidao Bay walikata upozaji kwa makusudi, moduli moja kisha nyingine, na vinu vikapoa bila kudhurika.

Siri yake ukiishika mkononi ni mpira wa grafiti wa sentimita 6, mdogo kidogo kuliko mpira wa tenisi. Ndani yake mna gramu 7 za urani zilizogawanywa katika maelfu ya punje, kila moja ndogo kuliko milimita moja, na kila punje imevishwa tabaka za kaboni na silikoni kabaidi zinazozuia mabaki yenye mionzi kutoka hata joto likifika nyuzi 1,600 za Selsiasi. Kinu kimoja hubeba mipira zaidi ya 400,000, inayoteremka polepole kama mahindi kwenye ghala la mnara, ikatolewa chini, ikapimwa, na ile isiyochoka ikarudishwa juu.

Sasa angalia gharama ya uzuri huo. Ili joto lipate njia ya kutoka, mipira lazima ipewe nafasi, kwa hiyo chombo cha chuma kinachobeba moduli hiyo moja kina urefu wa takriban mita 25. Kwa umeme ni kidogo, kwa mwili ni jitu. Afrika Kusini iliufuata usanifu wa jamii hiyohiyo kwa miaka mingi kupitia mradi wa PBMR, ikatumia zaidi ya randi bilioni 9, na mwaka 2010 serikali ikasitisha fedha kabla zege la kinu halijamwagwa, huku ikibaki na Koeberg, kituo chake cha vinu vikubwa viwili kilichoanza kazi katika miaka ya 1980.

Fueli na taka

Uliza asilimia ya urutubishaji. Urani ya mgodini ina asilimia 0.7 tu ya aina inayopasuka. Vinu vya kawaida hutumia iliyorutubishwa hadi kati ya asilimia 3 na 5, ambayo nchi kadhaa huiuza. Miundo mingi mipya hutaka kati ya 5 na 20, na kwa miaka mingi muuzaji wa kibiashara wa daraja la juu la aina hiyo alikuwa Urusi peke yake. Kampuni ya Kimarekani ya TerraPower ilitangaza mwaka 2022 kwamba kinu chake cha Wyoming kitachelewa kwa angalau miaka miwili kwa sababu hiyo.

Usikubali hoja kwamba nchi yenye mgodi wa urani imeshamaliza suala la fueli. Shinkolobwe, huko Katanga, ilitoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, na Kinshasa ilikuwa na kinu cha utafiti, cha kwanza barani Afrika, tangu mwaka 1959, lakini nchi hiyo haijawahi kufua uniti hata moja ya umeme wa nyuklia. Mradi wa urani wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, Tanzania, utatoa unga wa manjano, yaani urani ghafi. Kutoka kwenye unga huo hadi fueli ndani ya kinu kuna kugeuza kuwa gesi, kurutubisha na kutengeneza, hatua ambazo zote hufanyika ng’ambo.

Kuhusu taka, uliza ni nani atakayezichukua na kama ahadi hiyo imo kwenye mkataba. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulidai kuwa baadhi ya vinu vidogo vingezalisha taka nyingi zaidi kwa kila uniti kuliko vikubwa, kwa sababu nutroni, chembe zinazopasua urani, hutoroka kwa wingi kwenye kiini kidogo na kukitia mionzi chuma kinachokizunguka. NuScale iliyapinga makadirio hayo. Mimi naona hoja ya kutoroka kwa nutroni haina mjadala, na kinachobishaniwa ni kiasi. Kwa vyovyote vile, fueli iliyotumika itakaa mahali kwa vizazi, na mahali hapo pana wenyeji.

Tafuta mdhibiti na wenyeji

Mwisho, tafuta majina mawili. La kwanza ni la mdhibiti. Asiwe yule anayeutangaza mradi. Kenya, kwa mfano, kwa sheria za mwaka 2019 ilitenganisha wakala wa kuendeleza nyuklia, NuPEA, na mamlaka ya kudhibiti, KNRA. Ukikuta ofisi moja inanadi kinu na kukikagua, andika hivyo kwa herufi kubwa.

La pili ni la eneo. Tangazo lisilo na eneo halina wapinzani, na ndiyo maana halijajaribiwa. Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, lilipotajwa kuwa eneo linalofikiriwa kwa kituo cha kwanza cha Kenya, wavuvi na watu wanaoishi kwa utalii wa Watamu walikataa, na mwaka 2024 maandamano yakafuatana. Mwaka uliofuata mazungumzo yakahamia Siaya, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Soma yaliyoulizwa na watu wa Uyombo kuhusu maji ya moto yatakayorudi baharini, fidia ya ardhi, na njia ya kuondokea siku ya hatari. Maswali hayo yanafaa kwa eneo lolote, na unaweza kuyanakili kama yalivyo.

Karatasi ikishajaa, iandike tarehe juu na uihifadhi. Baada ya mwaka mmoja itoe, uangalie kama alama imepanda kipawa. Dalili ya kupanda ni ombi la leseni lililopokelewa na mdhibiti, eneo lililonunuliwa, mkataba wa fueli, au tarehe ya zege. Ukikuta picha mpya, bendera mpya na hati mpya ya makubaliano, ongeza mstari mwingine kwenye kipawa kilekile cha kwanza.